Ndege ya Ijumaa Iliyokataa Kutua

Mimi, Kapteni Khaemba, najua kutua. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu kuna watu waliotaka kuamini kwamba nimesahau.

Ulikuwa mwaka ule magugu yalipofunika ghuba ya Kisumu, hata ukiwa angani ungedhani ni uwanja wa mpira. Nilikuwa narusha ndege ndogo ya abiria kutoka Nairobi. Siku nyingine zote ilikuwa na adabu. Lakini Ijumaa, tukishateremka juu ya ziwa na kiwanja kiko mbele, pua yake ilianza kupanda yenyewe. Unaisukuma chini, inarudi juu. Ukiiachia, ndege inaishiwa mwendo na kuanguka, na pale chini hakuna wa kukudaka. Ijumaa kadhaa mfululizo nilitua kwa kishindo, abiria wakishika vichwa.

Mafundi waliifungua, wakaifunga, wakairusha bila abiria. Ikatii kama kondoo. Basi lawama yote ikaniangukia. Walubengo, mkuu wa marubani wa kampuni yetu, aliniita akaniambia mikono yangu imezeeka.

"Ijumaa hii nakaa kiti cha pembeni yako," alisema. "Ikikushinda tena, unavua mistari ya ukapteni begani."

Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Kurusha ndege ndiyo kazi pekee ninayoijua. "Njoo," nikamwambia. "Ila uje na mikono yako pia."

Ijumaa ni siku ya wafiwa. Watu wa ziwani wakifia Nairobi hurudishwa kwao, wazikwe Jumamosi, na wengine huletwa kwa ndege. Siku hiyo tulibeba jeneza la kijana wa Katito. Lilikaa sehemu ya mizigo, nyuma kabisa, na mama yake, Mama Aoko, alisafiri na ukoo mzima. Nilihakikisha mwenyewe wote wamekaa viti vya mbele, ili mkia usilemewe. Tukapaa vizuri, tukavuka Bonde la Ufa vizuri. Walubengo akaanza kupiga miayo.

Ziwa likatokea. Tukateremka. Pua ikaanza.

"Umeanza mambo yako," Walubengo akasema.

"Mchawi mpe mtoto amlee," nikamjibu. "Shika wewe."

Akashika. Pua ikapanda mikononi mwake vilevile. Akasukuma usukani kwa nguvu zote, jasho likamtoka, miayo ikaisha. Wacha nikwambie, niliogopa, lakini moyoni nilicheka kidogo. Tukaacha kutua, tukapanda tena taratibu na kuzunguka juu ya ziwa.

Hapo ndipo nikasikia wimbo wa kanisani. Kila Ijumaa niliusikia nikiwa huku mbele mlango umefungwa, na kila Ijumaa nilidhani wanaimba wakiwa wamekaa. Safari hii ulitoka mbali mno. Nikamwachia Walubengo usukani, nikafungua mkanda, nikafungua mlango.

Viti vya mbele vilikuwa vitupu.

Ukoo wote ulikuwa umesimama nyuma, umebanana, mikono juu ya ukuta unaowatenga na jeneza. Na Beldina, mhudumu wetu wa ndege, msichana wa Nyalenda, alikuwa katikati yao akiimba sauti ya pili.

"Beldina, hawa wametoka vitini lini?"

"Ziwa likionekana, Kapteni. Wanamwambia marehemu amefika nyumbani. Kila Ijumaa ni hivyo." Akainamisha macho. "Ningemwambiaje mama mzazi akae mbali na mtoto wake?"

Mkia ukilemewa, pua hupanda. Hata aliyecheza bembea ya ubao shuleni analijua hilo. Hasira ilinipanda, halafu furaha ikaipita: mikono yangu ilikuwa mizima.

Nikawaomba warudi mbele. Wakarudi mmoja mmoja, isipokuwa Mama Aoko. Alishikilia ukuta ule kwa vidole vyote.

"Mtoto yangu amelala mochari peke yake," alisema. "Hapa simwachi."

Ningeweza kumpigia kelele. Kelele ninazo za kutosha. Lakini nilivua kofia.

"Mama, mimi ndiye ninayemleta nyumbani. Ukikaa hapa, unanivuta mkono. Kaa mbele karibu na mimi, unisaidie kumfikisha."

Alinitazama mpaka nikaona aibu. Kisha akaachia ukuta.

"Basi mlete pole pole," akasema.

Nilimkalisha kiti cha kwanza, Beldina akamfunga mkanda, nikaacha mlango wa marubani wazi ili anione. Walubengo alinirudishia usukani. Tukateremka tena juu ya magugu, wao wakiimba wamekaa, na pua ikatulia pale nilipoiweka. Magurudumu yaligusa lami kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

Siku hizi jeneza hupakiwa mbele, wafiwa wakae karibu nalo. Walubengo ndiye aliyetoa amri hiyo, na nimemwachia aringe nayo.

Siku ile, injini zilipozimwa, tuliteremka wote wawili tukasaidia kubeba. Mama Aoko alitembea kando ya jeneza, kiganja chake kikiwa juu ya ubao. Tulipolifikisha kwenye gari, alinishika mkono.

"Umemleta vizuri," alisema. "Hata hakushtuka."

Nikalia palepale kwenye lami, na mistari yangu begani.