Bango Kwenye Kivuko

Dereva alimwaga chai iliyobaki, akafuta kioo cha mbele kwa gazeti la juzi, akaliwasha basi. Kifaa kipya juu ya dashibodi kikalia papo hapo, kikimtaka afunge mkanda. Kilikuwa na kamera, na kikiona mtu mbele ya basi kilifunga breki chenyewe. Madereva walikibandika jina la Mama Mkwe, kwa kuwa hakikosi la kusema.

Kwenye kivuko cha mbele ya kiwanda cha magodoro barabara ilikuwa tupu. Kifaa kikalia, basi likasimama. Kwenye skrini alionekana mwanamke mwenye koti la kazi, mkoba begani, akivuka juu ya mistari myeupe bila haraka. Dereva alimjua kwa ule mwendo wake wa kuburuta viatu. Alikuwa mdogo wake, aliyegongwa pale pale na basi la kampuni hii hii, wakamzika mwaka jana.

"Ngoja amalize kuvuka," alisema abiria wa kiti cha mbele, akaendelea kumenya chungwa lake.

Tangu hapo akawa anavuka kila jioni. Abiria walizoea, wengine wakatumia nafasi hiyo kuwafunga watoto viatu. Dereva hakuzoea. Siku ya mazishi meneja wa kampuni alisema marehemu alijitupa barabarani, na neno hilo lilimkondesha mama yao akabaki mifupa. Alilala nalo, akaamka nalo, akiuliza alimkosea nini mwanawe hata aichoke dunia. Dereva alipomsimulia ya kwenye skrini, mama alisema anaamini. Ila neno lilisemwa mbele ya waombolezaji wote, na aliyelisema ndiye wa kulirudisha.

Dereva akapiga moyo konde, akaenda kwa meneja. Meneja alipanda basi, akatazama skrini mpaka mwanamke alipofika ng'ambo.

"Ni yeye," alisema. "Pole sana, dada."

"Basi njoo umwambie mama hakujitupa. Si umemwona? Anatembea tu kama watu wengine."

"Nimemwona. Lakini yale yalishapita, dada. Mimi kinachoniumiza kichwa ni basi linalochelewa."

Akamwita fundi. Karakana ilikuwa na utaratibu wake: kifaa kikishtuka kwa picha za watu kwenye matangazo ya barabarani, fundi hukifundisha kwamba hao si watu. Fundi aligusa sura ya marehemu iliyohifadhiwa kwenye skrini, akachagua neno *bango*.

"Nisamehe, dada yangu," alisema. "Na mimi nimetumwa."

Kesho yake kifaa kilikaa kimya. Dereva alifunga breki kwa mguu wake mwenyewe, basi likasimama kabla ya mistari. Mdogo wake hakuvuka. Alikuwa kando ya barabara, amekumbatia mkoba, na juu ya kichwa chake skrini iliandika BANGO.

Dereva alifungua dirisha, akaiambia barabara tupu, "Vuka, mdogo wangu. Nimesimama. Vuka, ni haki yako."

Kwenye skrini marehemu alitikisa kichwa. Akarudi nyuma hatua moja, akainua mkono kuomba radhi, kama mtu aliyeambiwa mara nyingi kwamba kosa ni lake, akaliachia basi lipite.

Magari ya nyuma yalianza kupiga honi. Dereva alimwita tena, sasa kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Abiria wa kiti cha mbele akamgusa bega.

"Twende, dada. Amesema tupite."

Dereva akatia gia, akapita. Nyumbani mama alikuwa amekaa kitandani, amejifunga kitambaa safi kichwani, akimsubiri meneja.