Shati la Kwendea Barazani

Wanawake wazuri hawakumtisha Mshonaji hata siku moja. Aliwashonea nguo, akawapima viuno, akajua nani anajibana na nani ameongezewa kitambaa kwa ndani. Aliyemkosesha raha alikuwa mwanamke mfupi wa kawaida tu, mwenye viatu bapa na mkoba uliovimba makaratasi, anayeongea polepole na kusikiliza sana. Huko kusikiliza ndiko kulikomuudhi. Mwanamke anayeweza kumsikiliza mume wa mtu asubuhi nzima bila kupiga miayo, jamani, huyo si wa kuchezea.

Huyo alikuwa wakili wa kituo cha msaada wa sheria, anayewatetea bure wafanyakazi walioumia kazini. Hilo la bure nalo Mshonaji alilitilia shaka. Yeye mwenyewe hata upindo wa suruali hakuwahi kumkunjia mtu bure.

Mume wa Mshonaji alikuwa mtu wa mashine kwenye kiwanda cha biskuti. Kazi yake ilikuwa kulisha donge la unga kati ya rola mbili za chuma zinazolisukuma mpaka liwe jembamba. Mbele ya rola hizo kulipaswa kuwa na kinga ya wavu. Msimamizi aliifungua ili donge lipite haraka, akaiegemeza ukutani, na watu wakazoea kutundika makoti yao juu yake. Ikaja siku mkono wa kulia wa yule bwana ukaingia pamoja na donge. Madaktari waliuokoa, na vidole vyote vikabaki mahali pake, tena ukiviona kwa mbali unaweza kusema huyu mzima kabisa. Lakini vilikuwa vimekufa, havikushika kijiko wala ufunguo. Kiwanda kikasema amepona, arudi mashinani au aende zake bila chochote. Ndipo kesi ikaanza, na ndipo Wakili akaingia kwenye maisha yao na mkoba wake.

Nyumbani mume hakulalamika hata neno moja. Ukimuuliza mkono vipi, anasema unaendelea. Ukimuuliza unaendelea wapi, ananuna.

Sasa kuna jambo moja ambalo msomaji lazima alijue mapema. Asubuhi moja, wiki chache baada ya bandeji kutolewa, Mshonaji alikuwa anapita kwenda uani, na pazia la chumbani lilikuwa halijafika mwisho. Akamwona mumewe anapigana na kifungo cha shati. Anakisukuma, kinateleza, anakiuma kwa meno, jasho linamtoka kama amebeba gunia. Mwishowe akalivua shati, akalitupa kitandani, akatoka na fulana. Akasema shati linambana.

Mume alipoondoka kwenda kliniki, Mshonaji alitoa mashati yote kabatini akayaweka kwenye meza ya cherehani. Aliziba matundu ya vifungo kwa uzi, moja moja. Vifungo akavishonea juu yake, vya kutazamwa tu, na chini yake akaweka vile vifungo vidogo vya chuma vya kubonyeza, ambavyo unavibana kwa kiganja tu mpaka vinalia. Akapiga pasi, akarudisha kabatini, akafagia nyuzi.

Kesho yake mume alikawia chumbani. Kisha Mshonaji, aliyekuwa ameinamia jiko, akasikia tap, tap, tap, mpaka chini. Mume akatoka amevaa shati safi, akaketi, akanywa chai.

"Chai leo imekolea," akasema.

"Kunywa kabla haijapoa," akajibu mkewe.

Basi, yakaishia hapo. Hawakulizungumza tena, si siku ile wala baadaye, na Mshonaji akajiona mke asiye na mpinzani.

Raha hiyo ilimtoka siku aliyomsindikiza mume kituoni kwa Wakili. Yeye aliambiwa asubiri kwenye benchi la nje, na mlango haukufungwa vizuri. Akamsikia mumewe anaongea. Yule mtu ambaye nyumbani maneno yake unayavuta kama jino, mle ndani alikuwa anamiminika. Akaeleza anavyoshtuka usingizini akidhani rola zinazunguka. Akaeleza anavyoona haya kukatiwa nyama mezani. Kisha akasema, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, "Wakili, mimi hata kifungo cha shati siwezi kufunga."

Mshonaji alihisi kama amemwagiwa maji ya moto kifuani. Alijua siku nyingi kwamba hawezi, alijua kabla ya mtu yeyote. Kilichomuuma ni kwamba ameambiwa mwingine. Yeye aliyeshona mpaka macho yakawasha alipewa habari za chai, na huyu wa viatu bapa anapewa moyo wa mtu kwenye sahani.

Tangu hapo hakuwa na amani. Akaanza kuhesabu mambo. Kwa mfano, aligundua kwamba kila mume akienda kwa Wakili anavaa fulana, hata siku ambayo shati limepigwa pasi na linaning'inia mbele ya macho yake. Kwa nini? Mtu anavaa fulana mahali alipozoea, mahali anapojiona yuko kwake. Wivu ukamzidi, hata uzi ulikuwa unamkatikia bila sababu.

Wifi yake, dada wa mume, mwanamke ambaye ulimi wake hauna breki, akazidi kuchochea. "Wifi, mke mwenzio hajambo? Naona leo tena mmeitwa."

"Mke mwenzangu yupi?"

"Yule mwenye mafaili. Kaka yangu akimtaja, meno yote nje."

"Acha ujinga wako," akasema Mshonaji, na mshono aliokuwa anaushona akaufumua wote kwa sababu ulikwenda kombo.

Siku ya kusikilizwa kesi ikakaribia. Jambo lenyewe lilikuwa wazi: daktari wa hospitali alisema mkono umekufa, daktari aliyeletwa na kiwanda akasema unafanya kazi, na mwenyekiti wa baraza la kazi alitaka kujua kutoka kwa mhusika mwenyewe anaishi vipi kila siku. Akiaminika, atalipwa fidia ya ulemavu wa kudumu. Asipoaminika, anarudi kwenye rola zile zile, na mkono ule hauwezi hata kujichomoa.

Jioni ya mkesha mume akasema, huku anatazama pembeni, "Wakili amesema kesho niende nilivyo. Nivae fulana tu, kama ninavyokwenda kwake."

Mshonaji akasimamisha cherehani. "Amesema uvae nini?"

"Fulana."

"Kwa hiyo siku hizi nguo zako anachagua yeye."

"Mke wangu, ni kesi tu."

"Na mimi ni mke tu. Utakwenda mbele za watu kama mtu aliyeokotwa, waseme huyu hana mwenyewe nyumbani?"

Akashona hasira yake yote usiku ule. Lilikuwa shati jeupe la kola iliyosimama, mifuko miwili yenye vifuniko, vifungo vya rangi ya maziwa vimepangwa mbele vingi kuliko inavyohitajika, na vingine vitatu kwenye kila mkono. Vyote vya kutazamwa, na chini yake vyuma vya kubonyeza. Alitaka yule mwanamke aone. Aone kola, aone pasi, ajue kwamba mtu huyu ana anayemtunza. Asubuhi mume alilitazama shati, akamtazama mkewe usoni, akalivaa bila ubishi.

Wakili alipowaona koridoni, tabasamu lilimpungua kidogo. Mshonaji alifurahi mpaka akaona haya. Umeliona, eh? akasema moyoni. Basi meza mate.

Chumba cha baraza kilikuwa kidogo, chenye feni moja iliyolegea na viti vya plastiki. Msimamizi wa kiwanda alikaa mbele, miguu ameikunja, na wenzake wawili wa mume wameketi nyuma yake macho chini. Mshonaji alikaa karibu na mlango. Mume akala kiapo, akaeleza ajali, akaeleza kinga iliyofanywa kitundikio cha makoti. Wakili akamwongoza vizuri, taratibu, na kila alipomwita "ndugu yangu" Mshonaji alijikuna shingo.

"Na nyumbani," akauliza Wakili, "mkono huu unakushinda kitu gani?"

"Vingi," akasema mume. "Hata kufunga kifungo."

Wakili wa kiwanda akainuka. Alikuwa mtu mpole sana, na upole wake haukuwa mzuri. "Bwana, shati lako limenipendeza. Leo umevishwa na nani?"

"Nimevaa mwenyewe."

"Mkeo hakukusaidia?"

"Hapana."

"Vifungo vyote hivyo? Na vya mikononi? Mimi nina mikono miwili mizima, na hivi vya mikononi mke wangu hunifungia." Watu wakacheka. Msimamizi akacheka zaidi ya wote. "Hebu tueleze umevifunga vipi."

Mume akafungua mdomo. Akageuka nyuma, macho yakamtafuta mkewe mpaka yakampata pale mlangoni. Kisha akaufunga mdomo, akainamisha kichwa.

"Umekula kiapo," akasema mwenyekiti. "Jibu."

Wakili alikuwa anapekuapekua makaratasi yake, na ilikuwa wazi kwamba hajui la kufanya. Na kwa muda mfupi, lazima isemwe, roho ya Mshonaji ilipoa. Kaa kimya, ilimwambia. Mwache mtaalamu wa kusikiliza ajue kwamba hakuambiwa kila kitu. Mwache aondoke na mkoba wake, na mumeo arudi nyumbani, akose mwingine wa kumwambia siri zake isipokuwa wewe.

Halafu akauona ule mkono wa kulia. Ulikuwa umelala juu ya meza kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine, na shati la wivu wake ndilo lililokuwa linausemea uongo.

Akasimama. "Mheshimiwa, mimi ndiye mke wake. Hilo shati nimelishona mimi."

"Kaa chini, mama, zamu yako haijafika."

Wakili akamtazama mara moja tu, akanyanyuka haraka. "Mheshimiwa, naomba asikilizwe kama shahidi."

Wakili wa kiwanda akapinga, mwenyekiti akafikiri, kisha akamwapisha. Mshonaji hakwenda kwenye kiti cha mashahidi, alikwenda moja kwa moja kwa mumewe. Mume akainua uso, akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeombea kitu kisivunjwe.

"Usifungue," akanong'ona. "Mke wangu, acha."

Mshonaji alidhani ni aibu. Akashika shati pande zote mbili akavuta. Tap tap tap tap mpaka chini, akalivua, na mume akabaki na singlendi mbele ya msimamizi wake, amejikumbatia kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyecheka. Mshonaji akamwonyesha mwenyekiti upindo wa shati, akamshikisha tundu lililozibwa na kifungo kilichoshonewa juu yake.

"Hakuna hata kimoja kinachofunga," akasema. "Mashati yake yote yako hivi. Alikuwa hawezi, nikayashona asiulizwe na mtu. Anabonyeza tu kwa kiganja. Hajasema uongo. Aliyedanganya ni mimi na cherehani yangu."

Mwenyekiti akalishika shati muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaagiza mume apewe kalamu aishike, ikaanguka. Apewe tena, ikaanguka. Wakili wa kiwanda akasema hana swali lingine. Kabla ya mchana uamuzi ukatoka: ulemavu wa kudumu, fidia ilipwe, na kinga irudishwe kwenye rola. Mmoja wa wale wenzake wawili akaja kumshika bega mume, akaondoka.

Koridoni Wakili alikuwa bado anahema. "Ndugu yangu, mbona hukunieleza habari za mashati? Nilikuuliza kila kitu. Tungeweza kupoteza kesi."

Mume alikuwa anarudishia shati, kiganja kinashuka kifungo kwa kifungo. "Yale mengine yalikuwa ya kesi, Wakili, nikakupa yote," akasema. "Hili halikuwa la kesi. Hili lilikuwa langu na mke wangu. Ndiyo maana kwako nilikuwa nakuja na fulana."

Mshonaji alisikia kila neno. Miezi yote ile alikuwa amejila moyo kwa kile alichopewa mwanamke mwingine, na kumbe kimoja kilifichwa kwa ajili yake tu, kikalindwa hata mbele ya kiapo. Na yeye, kwa mikono yake mwenyewe, amekifungua mbele ya feni, viti vya plastiki na msimamizi. Alitaka kusema pole, akaishia kumnyoosha kola. Wakili akawatazama wote wawili, akafunga mkoba wake, akaaga. Safari hii Mshonaji ndiye aliyempa mkono, na akaushika kwa nguvu kidogo kuliko ilivyo adabu. Wivu hauishi siku moja.

Nyumbani wifi alitaka kujua yote, akaambiwa wameshinda, basi. Usiku Mshonaji alilifumua lile shati jeupe akalishona upya, na pale kwa ndani, upande wa moyo, akatia kitu. Asubuhi mume alilivaa, akakawia chumbani, kisha akatoka anacheka peke yake.

"Chai leo imekolea," akasema.

Kitu gani kilitiwa mle ndani, sijui. Wakili hajui, na wifi hajui, japo amelikagua kwenye kamba ya kuanikia. Mimi nimeuliza mara nyingi, nimebembeleza, nimenuna. Mshonaji ananiambia kunywa chai kabla haijapoa. Roho inaniuma mpaka leo.