Utazoea

Mume wangu hutengeneza miguu. Nikisema hivyo watu hucheka wakidhani ni utani, lakini ndiyo kazi yake. Aliyekatwa mguu kwa ajali au kwa kisukari huenda kwenye karakana iliyo nyuma ya hospitali. Mume wangu humfunga plasta kwenye kigutu, kipande cha mguu kilichobaki, ili apate umbo lake, na kwa umbo hilo humtengenezea kikombe cha kuingizia kigutu, kisha chini yake anaunga mguu. Mtu anaingia na magongo mawili, anatoka akitembea. Mtaani walimwita Bwana Hatua, nami nikawa Mama Hatua. Sikulikataa jina hilo. Nilijiona, tena sana.

Zamani walikuwa mafundi watatu. Mmoja akastaafu, wa pili akaenda masomoni, na nafasi zao zikabaki kuzungumziwa vikaoni. Waliosubiri miguu hawakupungua. Mume wangu akaanza kwenda kazini Jumamosi, halafu na Jumapili. Nikimwambia apumzike ananijibu, "Watu wanasubiri kutembea, mke wangu. Nitakaaje?" Ningesema nini? Ukimkataza mtu kutenda wema unaonekana una roho mbaya.

Mabadiliko yalikuja polepole, na kila moja nikalitafutia sababu. Alikuwa mtu wa kutazama miondoko ya watu. Tukitembea barabarani ataniminya mkono aninong'oneze, "Yule goti la kushoto linamtesa." Akaacha. Nikasema ana mawazo. Wagonjwa wake aliwaita mwashi, dereva, bibi wa mayai. Nyumbani tuliwajua kama ndugu zetu. Akaanza kusema "yule wa juu ya goti", halafu "kile kigutu cha kulia", utadhani wenye miguu wamehama. Nikasema kazi zimemzidi. Asubuhi namkuta kaketi kitandani, soksi moja mguuni, nyingine mkononi, anatazama ukuta. Namwita, anashtuka: "Navaa." Nawaandaa watoto, nawasindikiza, narudi, bado yupo palepale na soksi yake. Hata hilo nikalipa jina. Nikaliita usingizi.

Binti yetu wa mwisho, mwenye miaka sita, ndiye aliyethubutu kuuliza.

"Mama, baba amemkasirikia nani?"

"Hajamkasirikia mtu."

"Basi yuko wapi?"

Naye baba alikuwa hapo hapo mezani, kijiko mkononi, chakula kimepoa. Hakusikia.

Jirani yetu mmoja tulimwita Mama Cherehani. Ndiye aliyeshona gauni langu la harusi, na sare za shule za nusu ya watoto wa mtaa. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, na mguu wa kukanyagia, wa kulia, ulikatwa chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Mume wangu akamtengenezea mwingine, akarudi kushona. "Huu wako una adabu," alikuwa akimtania. "Wa zamani ulikuwa ukikanyaga hata nisipotaka." Miaka ikapita, kigutu kikasinyaa, mguu ukawa unampwaya. Akaenda kupimwa upya.

Siku moja nilimpelekea mume wangu dawa ya kichwa aliyoisahau nyumbani. Nikamkuta Mama Cherehani kwenye benchi, mguu mpya ameunyoosha mbele. Mume wangu alikuwa amempa mgongo, akipiga msasa kikombe cha mtu mwingine.

"Mwanangu," Mama Cherehani alisema, "mguu huu unanibana. Naona kama si wangu."

"Ukiwa mpya unabana. Utazoea."

"Hata wiki iliyopita uliniambia hivyo."

"Basi zoea."

Hakugeuka. Msasa haukusimama. Nilibaki nimeduwaa mlangoni, nikijiambia mtu huyu siye niliyeolewa naye. Mama Cherehani akaniona, akanikonyeza kama kusema tumwache, akajikongoja akatoka. Nikaiweka dawa mezani, nikaondoka nami. Nimeirudia saa ile kichwani mara nyingi kuliko siku ya harusi yangu. Mdomo nilikuwa nao. Sikuutumia.

Kisukari kilikuwa kimekitia ganzi kigutu cha Mama Cherehani, kwa hiyo alichokiona yeye ni kubanwa tu kilikuwa kidonda. Mpwa wake alipokuja kumtembelea akasikia harufu, akamkimbiza hospitali. Uozo ulishafika kwenye mfupa. Wakamkata tena, safari hii juu ya goti.

Siku habari hiyo ilipofika karakanani, mume wangu alirudi nyumbani saa tano asubuhi. Alisimama mlangoni, plasta imemkaukia mikononi hadi kwenye viwiko.

"Nimemvalisha mguu wa mtu mwingine," alisema. "Maumbo mawili yalikuwa pamoja kwenye rafu. Nikachanganya vibandiko vya majina. Mwandiko ni wangu." Akakaa chini sakafuni. "Na aliniambia. Mara mbili aliniambia."

Nilikuwa sijamwona akilia tangu alipofiwa na mama yake.

Mkuu wake wa kazi alimsihi anyamaze. Alisema ni kosa la kalamu, linaweza kumpata yeyote, na akisimamishwa nani atabaki karakanani? "Ndiyo maana naandika ripoti," mume wangu akamjibu. Akaandika kila kitu, pamoja na kwamba alikuwa amechoka kiasi cha kutomsikia mgonjwa aliye nyuma yake. Wakampeleka kwa daktari wa ushauri. Daktari akamuuliza lini mara ya mwisho alifurahia mguu aliomaliza. Akafikiri, akafikiri, hakukumbuka hata mmoja.

"Si uvivu, wala si udhaifu," daktari alimwambia. "Kazi imekutafuna ndani likabaki ganda. Ungekuja siku ile ulipoanza kuwaita watu vigutu." Akampa likizo ya miezi mitatu. Alipotaja siku ile, mimi niliyekuwa kando ya mume wangu niliinamisha kichwa.

Tulikwenda wodini pamoja. Mama Cherehani alikuwa amelala akitazama dirisha, shuka limelala bapa pale palipokuwa na goti.

"Kwa nini hukunifokea, mama?" mume wangu alimuuliza.

"Nikufokee? Nilikutazama nikasema huyu mtoto nikimwongezea na langu ataanguka." Akalinyoosha shuka. "Nilikosea. Ningekufokea ungeanguka, watu wangekuinua, nami goti langu ningekuwa nalo."

Mama Cherehani hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Alimshika kifundo cha mkono, akakitikisa taratibu. "Nenda kalale," akasema.

Bila goti cherehani ya kukanyaga haikukanyagika tena, na kuishi peke yake hakuweza. Mpwa wake alimchukua wakaenda kuishi mji mwingine. Siku ya kuondoka mume wangu ndiye aliyembeba hadi kwenye gari. Hakuna aliyetania.

Sasa amerudi kazini. Wameletewa fundi wa pili. Anapokea wagonjwa wanne kwa siku, kila umbo anamwonyesha mwenyewe ahakikishe jina, na saa kumi anafunga mlango. Msidhani ni rahisi. Wiki iliyopita alirudi amefadhaika. Alikuwa amemwambia baba mmoja kwamba zamu ya binti yake ni mwezi ujao.

"Amenitukana mbele za watu," alisema.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ana haki ya kukasirika." Akavua viatu, akaviweka sawasawa ukutani. "Yule msichana alinitazama tu. Ana miaka kumi na sita."

Nilitaka kumwambia amefanya vema, kisha nikamfikiria yule msichana. Nikaketi karibu naye. Tulikaa hivyo, jua likiwa bado juu, hadi watoto waliporudi kutoka shule.