Bibi Nungunungu Hana Sauti

Bibi Nungunungu alifungua kinywa, akafoka kwa nguvu zake zote, na hapakutoka hata chembe ya sauti.

Mkasi akarudisha picha nyuma, akaiachia tena. Kwenye kioo, jiko la familia ya nungunungu lilikuwa limefurika furaha. Mtoto aliyepotea filamu nzima amerudi nyumbani, mama yake yuko kwenye sinki anaosha vyombo huku akicheza, baba anagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, wadogo wanarukaruka. Juu yao unapigwa wimbo ule uliokuwa ukiimbwa kila kona ya mji. Halafu bibi anatokea mlangoni, mkono kiunoni, miiba imesimama wima, anafoka kimya kimya kama samaki.

Na miguu ilikuwa balaa zaidi. Wimbo unakimbia, miguu inatembea. Mama nungunungu alikuwa akitikisa kiuno kama mtu anayecheza muziki wa nyumba ya pili.

"Penseli!" Mkasi aliita. "Njoo hapa kabla sijakufuata!"

Penseli, mkuu wa wachoraji, alikuja na kikombe mkononi. Ndiyo kwanza wachoraji wake walikuwa wameleta ile sehemu ya mwisho ikiwa na rangi zake zote. Mpaka jana Mkasi alikuwa amepanga wimbo huo wa mjini juu ya michoro mitupu isiyotikisika.

"Huyu bibi anasema nini?"

"Anasema kuhusu bomba."

"Bomba gani?"

"Dada, bomba umelileta wewe, halafu unaniuliza mimi?"

Mkasi akaisimamisha picha kwenye kinywa cha bibi. Pale studio walimpa jina hilo kwa sababu alikuwa ndiye mchagua nyimbo, na alikata nyimbo za watu bila huruma, za muongozaji zikiwemo. Lakini sasa jambo lilikuwa linamrudia taratibu, kama harufu ya chungu kinachoungua.

Katuni haichorwi kwenye ukimya. Wachoraji wakitaka kuchora dansi huwekewa kwanza wimbo wa muda, wapate mwendo, na baadaye unatupwa. Siku walipoomba wimbo huo, Mkasi alikuwa nyumbani, mikono imejaa povu. Akaweka simu kando ya sinki, akaimba kitu alichokitunga palepale, mumewe akagonga mfuniko wa sufuria. Akawatumia. "Wa muda tu," aliwaambia. Na katikati ya wimbo huo mama mkwe wake alipita akifoka kama anavyofoka kila siku ya Mungu: *Nani kaacha bomba wazi? Kila siku mimi! Kila siku mimi!*

"Sisi tulidhani ni maneno ya bibi," Penseli alisema. "Tukayachora. Vijana walifurahi sana. Waliuchora kila mwiba."

"Hamkuuliza?"

"Nani akuulize wewe? Ukiulizwa unang'ata."

Hapo muongozaji aliingia. Alikuwa mtu wa kutafuna kola ya shati akiwa na wasiwasi, na kola ya siku hiyo ilikuwa imeloa tayari. Alasiri watoto wa mtaa mzima walikuwa wanakuja kwenye ukumbi wa sinema ng'ambo ya barabara kuonjeshwa filamu, na mwenye ukumbi atakaa nyuma kabisa. Mama huyo alikuwa na kumbi nyingi, na alikuwa maarufu kwa jambo moja: hatazami filamu, anatazama miguu. Watoto wakikolea huvua viatu. Wakianza kuvitafuta kabla ya mwisho, filamu hiyo haipandi kwenye kioo chake. Na filamu isiyopanda kwake, hapa kwao ilikuwa imekufa. Kazi ya miaka, na miiba yote ile.

"Uharakishe mwendo wa picha," muongozaji alisema.

"Watakuwa nungunungu walioungua miguu."

"Basi upunguze mwendo wa wimbo."

Mkasi akaupunguza. Yule mwimbaji kipenzi cha mji akasikika kama dume la ng'ombe lenye mafua. Penseli alicheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Wimbo huu uliutaka wewe," muongozaji alimkumbusha. "Umewabembeleza watu wa mwimbaji mpaka wakakubali. Ulisema watoto wanauimba mpaka chooni. Ulisema ukikosea utautafuna."

"Niletee chumvi," Mkasi alisema. "Nimekosea. Miguu ile inacheza wimbo wa sinki langu. Turudishe wa sinki."

"Ule wa simu? Kwenye spika za ukumbi utachakarika kama mafuta ya kukaanga!"

"Ndiyo maana tunaurekodi upya. Sasa hivi. Tusimame hapa tukitazamana mpaka watoto waote ndevu?"

Tayari alikuwa anapiga simu.

"Baba Pacha, uko wapi?"

"Nyumbani, nakunja nguo."

"Acha nguo. Chukua sufuria kubwa, mfuniko wake, mwiko, na mama yako. Njoo studio mbio."

"Mama yangu yupi?"

"Una wangapi?"

Mume alifika jasho likimtiririka, sufuria kichwani kama kofia. Nyuma yake aliingia mama mkwe, hana haraka, amevaa gauni lake la kutokea, amejipaka manukato, mkoba kwapani. Alimwamkia kila mtu, mmoja mmoja, mpaka fundi wa nyaya aliyekuwa chini ya meza.

"Mama, karibu hapa," Mkasi alisema, akamsimamisha mbele ya kipaza sauti. "Ukiona kidole changu, foka kuhusu bomba. Kama nyumbani."

Kidole kikanyanyuka. Mama mkwe akakohoa kidogo.

"Jamani," alisema kwa sauti ya asali, "kwa hisani yenu, aliyefungua bomba naomba alifunge. Ahsanteni."

Muongozaji akauma kola.

"Mama, foka!"

"Niwafokee watu nisiowajua? Mimi nimelelewa, mwanangu."

"Mbona sisi unatufokea?"

"Nyie ni wa kwangu."

Wakajaribu tena, na tena. Kila mara akawa mpole zaidi. Mara ya mwisho akaongeza na dua. Penseli alimsihi, mwanawe alimsihi, muongozaji alipiga magoti. Mama mkwe aliwahurumia wote, akafungua mkoba, akawapa peremende.

Mkasi alitazama dirishani. Ng'ambo ya barabara watoto walikuwa wameanza kujipanga, na kati yao pacha wake walikuwa wanasukumana kama kawaida. Alivuta pumzi. Mtu huwezi kumwomba hasira kama unavyomwomba kiberiti. Lazima umpe sababu.

"Mama pumzika," alisema. "Kaa hapohapo kwenye kiti, utusikilize tu sisi tukiimba." Akatoka, akaenda chumba cha chai, akafungua bomba mpaka mwisho. Aliweka sufuria tupu chini yake ili maji yapige kelele, akaacha milango yote wazi. Aliporudi alimkonyeza fundi: kipaza sauti cha mama kisizimwe.

Yeye na mumewe wakavaa visikilizio, ule wimbo wa kwenye simu ukiwapigia masikioni kuwapa mwendo. Akaimba. Mume akagonga mfuniko. Bomba hawakulisikia wao, lakini Mkasi alikuwa anauona uso wa mama mkwe. Kwanza jicho moja lilikodoka. Halafu shingo ikageuka mlangoni. Alijizuia, maskini, alikunja mdomo, akaushika mkoba kwa mikono miwili. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ulipokaribia, akasimama.

"Nani kaacha bomba wazi? Kila siku mimi! Kila siku mimi! Hivi nikifa leo mtaogelea humu ndani?"

Fundi alirusha mikono juu. Walipoweka sauti juu ya picha, kinywa cha Bibi Nungunungu na maneno vikakutana kama ufunguo na kufuli, maana mwanamke huyu alikuwa amesema maneno hayo kwa mwendo uleule miaka yote. Na yale ya kuogelea yalimkuta bibi anageuka, anamwona mjukuu aliyepotea amesimama na sahani mkononi, anakwama.

"Usiikate hiyo," muongozaji alisema kwa sauti ndogo.

"Nani kasema naikata?" Mkasi alikuwa tayari anashona. Ule wimbo wa mjini, mgeni aliyealikwa kwa kubembelezwa, haungefukuzwa mlangoni. Aliusogeza mwisho kabisa, kwenye majina ya watengenezaji, pasipo na miguu ya mtu.

Wakavuka barabara wakikimbia, Penseli mbele, filamu kifuani kama mtoto mchanga.

Ukumbini Mkasi hakukaa. Alisimama ukutani akitazama alichokuwa anakitazama mwenye ukumbi: sakafu. Viatu vilitoka mapema, hiyo ilikuwa nusu ya vita. Mtoto nungunungu alipopotea, miguu ilijikunja juu ya viti. Kisha likafika jiko, sinki, mfuniko, sauti yake mwenyewe ikajaa ukumbi mzima. Mtoto mmoja aliinama chini. Mkasi akamkazia macho. Mtoto akajikuna kifundo, akainuka.

*Nani kaacha bomba wazi?*

Ukumbi ulilipuka. Watoto walicheka kicheko cha kushikana mabega, na walipofika *kila siku mimi* walikuwa wanaitikia, maana nani hana mtu wa namna hiyo nyumbani? Halafu sauti mbili kali zikapasua giza:

"Huyo bibi yetu! Huyo ni bibi yetu!"

"Kaeni chini, nyie!" mama mkwe alifoka kutoka safu ya mbele, na ukumbi ukacheka upya, kwa sababu ilikuwa sauti ileile.

Kwenye kioo, bibi alimwona mjukuu wake. Vicheko vikazimika vyote kwa pamoja. Miiba ikalala, mmoja mmoja. Halafu majina yakaanza kupanda, wimbo wa mjini ukashuka kama mvua, na watoto wakajaa kwenye vijia, pekupeku, wanacheza. Hakuna aliyetafuta kiatu.

Ila mmoja. Safu ya nyuma, mwenye ukumbi alikuwa ameinama anapapasa chini ya viti.

"Kiatu changu kimoja kiko wapi?" alimwuliza Mkasi. "Na mwambie bosi wako filamu hii inapanda. Kumbi zote."

Mkasi alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Muongozaji alimkumbatia Penseli, Penseli akamkumbatia fundi, mume akagonga mfuniko.

Mama mkwe alikuja polepole katikati ya fujo hiyo, pacha wananing'inia mikononi, gauni la kutokea limekunjamana. Alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likasimama.

"Mwanangu," alisema, "lile bomba la chumba cha chai. Kuna aliyekwenda kulifunga?"

Mkasi alimtazama Penseli. Penseli alimtazama muongozaji.

Wote wakatoka mbio.