Risasi Alizozijaza Reino

Mwaka ule wa korona na uchaguzi, watu wa Pelkie, kijiji cha kaskazini mwa Michigan, Marekani, waligombania kwanza karatasi za chooni, kisha unga, kisha risasi. Karatasi zilirudi madukani, unga nao ukarudi. Risasi hazikurudi.

Irja Kangas aliingia dukani kwa Sulo mwanzoni mwa Oktoba, barakoa aliyoishona kwa kitambaa cha pazia imemfunika mpaka chini ya macho. Sulo alimtambua kwa mwendo.

"Bi Irja, karibu. Kama umefuata risasi, nina ndoana, nina soksi za sufu, na nina asali."

"Nataka kiboksi kimoja tu, Sulo. Za ile bunduki ya Reino."

"Ile ya kale? Dada yangu, hata za kisasa sina. Viwanda vinatoa zile za bastola na za bunduki za kijeshi, ndizo zinazogombaniwa. Za wazee wenzangu na mimi wameziweka kando." Akaonyesha ukuta nyuma yake, ambako rafu zilikuwa tupu kama meno yaliyong'olewa. "Lori linakuja Alhamisi, na kabla dereva hajazima injini, foleni imeshafika kanisani. Jana mtu kaniuliza, 'Una risasi?' Nikamwambia, za bunduki gani? Akanijibu, 'Zozote.'"

"Wanaogopa nini?"

"Kila mmoja na lake. Huyu anaogopa serikali, yule anaogopa majirani, na wengi wanaogopa kwa sababu wenzao wanaogopa. Wanazinunua hapa kwa dola thelathini, wanakwenda kuziuza uwanja wa magari wa kasino kwa mia. Mimi nipo tu, natazama."

Irja alicheka, akanunua asali, akatoka. Hakuwa na wasiwasi mkubwa. Kwenye chumba cha chini ya nyumba, juu ya rafu ya mitungi ya jemu, kulikuwa na kiboksi cha risasi ambazo Reino mwenyewe alizijaza. Alizifuata za dukani kwa sababu moja tu: hakutaka kuzimaliza zile za mumewe.

Reino alikufa Aprili. Alipelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa akiwa amevaa soksi zisizolingana, na Irja hakumwona tena. Hawakuruhusu mtu kuingia. Muuguzi alimwekea simu sikioni, Irja akaongea kuhusu theluji iliyokuwa ikiyeyuka, kuhusu paa la sauna, chumba chao cha mvuke, kuhusu mbwa wa jirani, mpaka muuguzi akasema kwa upole, "Mama, nadhani amepumzika." Mazishini walisimama watu wachache, wakiwa mbalimbali kama miti iliyopandwa na serikali.

Msimu wa baridi wa kabla ya hapo ndipo alipozijaza zile risasi. Hakupenda kutupa ganda tupu. Baada ya kila windo aliyaokota maganda yake, akayasafisha, na Januari, wakati hakuna la kufanya, alikaa mezani karibu na jiko, akayatia kiwashio kipya, akamimina baruti kwa kijiko kidogo, akakishindilia kichwa cha risasi kwa ile mashine yake ya mkono. Miaka ya mwisho mikono ilikuwa ikitetemeka. Alipomimina baruti alikuwa akizuia pumzi, na Irja, akifuma soksi upande wa pili wa meza, alijikuta naye amezuia pumzi. Kisha wote wawili wanapumua kwa pamoja. Hilo ndilo alilolikumbuka kuliko picha za harusi.

Alipofika nyumbani aliteremka ngazi ili azitazame tu. Mitungi ya jemu ilikuwepo. Mafuta ya bunduki yalikuwepo. Kiboksi hakikuwepo.

Alitafuta mpaka nyuma ya tanuri la kupashia nyumba joto. Na alipoliona tanuri akakumbuka nani alikuja kulitengeneza juma lililopita.

Keith, mwanawe wa pekee, aliishi Baraga, mji wa jirani. Kinu cha mbao alichokuwa akifanyia kazi kilifungwa tangu Mei. Irja alimkuta gerejini, mlango uko wazi, na ndani, mahali pa gari la mkewe, masanduku ya risasi yamepangwa mpaka usawa wa kifua.

"Mama! Ungepiga simu, ningekuja mimi."

"Kiboksi cha baba yako kiko wapi?"

Keith aliikunjakunja kofia yake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tatu, lakini kwa namna alivyosimama Irja alimwona wa saba, amevunja kioo.

"Nilidhani huendi mwaka huu," alisema. "Nani aende kambi ya kuwinda peke yake? Na zile, Mama, hazipatikani nchi nzima. Nimezipatia dola mia mbili! Nilitaka nikuletee nusu."

"Uliuza vitu vya baba yako, nyumbani kwangu, bila kuniuliza."

"Ni risasi tu, Mama."

"Ni risasi tu," Irja alirudia. Aliyatazama yale masanduku. "Na hizi zote? Sulo anasema kuna watu wanazibeba kwake asubuhi na kuziuza kasino jioni. Sikujua nimemzaa mmoja wao."

"Nyumba ina mkopo. Watoto wanakula. Nisipouza mimi atauza Jerry, na Jerry anauza ghali kuliko mimi." Alichomoa noti mfukoni. "Chukua basi. Chukua zote."

"Zirudishe mfukoni. Nani alizinunua?"

Hakumjua kwa jina. Mzee mmoja wa Skanee, mwenye pikapu nyekundu yenye taa moja, alizungumza kama mtu anayetafuna kitu. Lakini namba yake ilikuwepo kwenye simu, na Keith akaisoma, na Irja akaiandika kwenye kiganja.

Alipompigia simu, mzee alisema aje tu. Njia ya Skanee inafuata ziwa, na siku ile Ziwa Superior lilikuwa limechafuka, mawimbi yanapiga mawe kwa hasira. Irja aliendesha polepole. Moyoni alikuwa akifanya mazoezi ya maneno, kama msichana anayekwenda kuomba kazi.

Norbert Gauthier alikuwa amekaa barazani, blanketi mapajani, tumbaku shavuni. Alikuwa Mwojibwe, wa wenyeji wa asili wa ziwa lile, mtu wa karibu miaka themanini, na sauti yake ilisikika kabla Irja hajafunga mlango wa gari.

"Wewe ndiye mama wa risasi? Kaa kiti kile cha mbali, mke wangu anapima umbali kwa macho, akiona umenikaribia anatoka na ufagio."

"Nimesikia hayo!" sauti ya mwanamke ilitoka ndani.

Irja alikaa. Yale maneno aliyoyafanyia mazoezi yote yalimtoka. "Mzee wangu," alisema, "aliyekuuzia zile risasi ni mwanangu. Hazikuwa zake. Alizijaza marehemu mume wangu. Nimekuja na dola mia mbili zako. Naomba unirudishie."

Norbert alitema tumbaku kwenye kopo, akafikiri.

"Mwanao ana uso mzuri na bei mbaya," alisema hatimaye. "Mke wangu Yvonne hakusema nami siku nzima kwa ajili ya zile pesa. Lakini ningefanyaje? Sisi Waojibwe, kwa mkataba wetu wa kale, msimu wetu wa kuwinda ulishafunguliwa tangu Septemba. Bunduki yangu ni ndugu ya ile ya mumeo, na risasi nimezitafuta mpaka Wisconsin. Wajukuu wako hapa, shule imefungwa, na watoto wale wanakula kama wachimba migodi. Friza lilikuwa na barafu tupu."

"Umeshazitumia?"

"Chache." Akainama mbele, na uso wake ukabadilika, mzaha ukamtoka. "Nikwambie kitu, mama. Mumeo alikuwa na mkono. Nilimpiga kulungu dume mmoja kule ng'ambo ya kinamasi, mbali, mahali ambapo kwa risasi za dukani nisingethubutu, na macho yangu haya. Ikaenda palepale. Mnyama hakupiga hatua. Nikamwambia Yvonne, aliyezijaza hizi hakuwa na haraka."

Irja aligeuza uso kulitazama ziwa. Tangu Aprili watu walikuwa wamemwambia mengi kuhusu Reino: kwamba alikuwa mtu mwema, kwamba amepumzika, kwamba wakati utaponya. Hakuna aliyemwambia habari mpya. Na sasa mtu asiyemjua kamwe amemletea habari ya jambo ambalo Reino amelifanya siku chache zilizopita, kana kwamba yuko mahali, bado anafanya kazi zake.

"Hakuwa na haraka," alisema. "Hata kula. Nilikuwa naondoa sahani yeye bado anapaka siagi."

Norbert alicheka mpaka akakohoa, na mlango ukafunguka kidogo, ufagio ukaonekana.

"Siwezi kukupa zote," alisema alipotulia. "Sikufichi. Msimu bado mrefu, na kwingine sipati. Wewe unazitakia nini? Kumbukumbu?"

Lilikuwa swali la haki. Alipokuwa njiani alidhani anataka kuzirudisha kwenye rafu, juu ya jemu, zikae.

"Nataka kwenda kambini Novemba, siku ya ufunguzi wa msimu wetu wa kulungu," alisema. "Tumekwenda kila mwaka tangu tuoane. Nataka kukaa pale mahali petu na bunduki yake, na risasi yake ndani."

"Basi hiyo ni kazi yake." Norbert aliita, na Yvonne akatoka na kiboksi. Waligawana pale barazani, mzee akizipanga juu ya blanketi kama mtu anayegawa karanga kwa watoto. Pesa alikubali nusu tu, kwa bei aliyonunulia, si senti zaidi. Kisha akamwongezea maganda yale matupu ya risasi alizokwisha kuzipiga. "Haya ni yake pia," alisema. "Sijui kuyajaza. Labda wewe unajua."

"Nilikuwa natazama tu," Irja alijibu.

Kambi ya akina Kangas ilikuwa chumba kimoja cha magogo na sauna ubavuni, ndani kabisa ya msitu. Irja alikwenda siku moja kabla, akawasha jiko, akafagia kinyesi cha panya, akalala upande wake wa kitanda. Asubuhi ya ufunguzi theluji nyembamba ilikuwa imeanguka. Alivaa koti la rangi ya chungwa, akatembea mpaka kwenye kibanda cha kuvizia ambacho Reino alikijenga kwa mbao za ghala la zamani, na kukipanua kidogo kuliko vya wengine, kwa sababu kilikuwa cha watu wawili.

Akakaa upande wake wa benchi. Ule mwingine akauwekea termosi ya kahawa.

Kulipambazuka polepole, kijivu kikigeuka rangi ya maziwa. Kila kilichotokea kilikuwa na mahali pa Reino ndani yake. Kindi alipogombana na ndege, hapa Reino angemgusa goti. Upepo ulipogeuka, hapa angelamba kidole. Aliwaza kwamba alikuja ili awe karibu naye, na kumbe hakuna mahali alipomkosa zaidi ya hapa. Hakulia. Alikaa, akamkosa, saa ikapita, ikapita nyingine.

Dume alitoka upande wa mto, taratibu, akinusa theluji. Alikuwa mkubwa, shingo nene, pembe moja imevunjika ncha. Irja aliinua bunduki. Aliwaza juu ya risasi iliyokuwa ndani, na vidole vilivyoishika mara ya mwisho, na kwamba akiifyatua, kazi ile itakuwa imeisha, haitarudiwa. Angeweza kumwacha apite. Akazuia pumzi, akafyatua.

Mlio ulizunguka msituni ukarudi. Dume alikuwa chini, mahali palepale. Harufu ya baruti ilijaa kibandani, ile harufu ya meza ya Januari, na Irja akageuka upande wa kulia, uso umechangamka, mdomo wazi, aseme, "Umeona?"

Termosi ilikuwa pale.

Alikaa hivyo mpaka harufu ikaisha yote.

Alikuwa amekwisha kumpasua mnyama, mikono nyekundu mpaka kwenye viwiko, aliposikia hatua. Keith alikuwa anakuja kati ya miti, kofia mkononi.

"Nilikuwa barabarani, garini," alisema. "Tangu alfajiri. Nilihofia kuja. Halafu nikasikia, nikajua ni ile ya Baba."

"Shika miguu ya nyuma," Irja alimwambia.

Walimburuta wakipumzika kila baada ya mwendo mfupi, maana mmoja alikuwa mzee na mwingine alikuwa amekaa bila kazi miezi sita. Wakati wa kupumzika Keith alisema, macho chini, "Nyingine bado nauza, Mama. Sitakudanganya. Lori la Alhamisi nitakuwepo."

"Najua."

"Si kwamba nafurahi."

"Hilo nalo najua. Lakini huyu tutamgawa. Paja moja la watoto wako, na moja utalipeleka Skanee, kwa mzee mwenye taa moja. Mwenyewe, kwa mikono yako, na utasimama akuseme mpaka achoke."

Keith aliitikia kwa kichwa.

Kambini alikata kuni naye Irja akakaanga maini kwa vitunguu. Walikula, madirisha yametoka jasho. Nje theluji ilianza tena. Keith aliifuta sahani kwa mkate, akamtazama mama yake, na pengine kwa kutojua aseme nini, akauliza swali ambalo Irja alikuwa amelibebea jibu asubuhi nzima bila mtu wa kumpa.

"Alitokea upande gani, Mama?"

Irja aliweka uma chini.

"Upande wa mto," alisema. "Taratibu, hivi, anainusa theluji. Mimi nimekaa, upepo umegeuka…" Na akamsimulia yote, bila haraka.