Maji ya Tumboni mwa Zubeda

Mashine ya alama za vidole ilimkataa Zubeda tena, wala haikuona haya. Ilitoa mlio, ikawasha taa nyekundu, basi.

"Futa kidole, mama, ujaribu cha kati," akasema Gershom, karani wa bima, bila kuinua macho.

"Vyote nshajaribu, mwanangu. Hata vya kushoto."

Vidole vya Zubeda vilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa majini. Miaka ya kupaa samaki kule Mtongwe, kwa chumvi na ndimu, ilikuwa imekula mistari yake, na dawa za saratani zikamalizia iliyobaki. Sasa hakuwa na alama, na katika nchi hii asiye na alama hana bima, hata kama mchango wake haukukosekana mwezi hata mmoja. Tumbo limemjaa maji, buibui limemkaza kama mja mzito. Ugonjwa ulianzia kwenye ovari. Walimpasua, wakampa dawa, wakamwambia amepona, na kabla mwaka haujaisha ukarudi.

"Kwani huyu si mimi? Kitambulisho si hicho, na picha si hiyo?"

"Picha naiona, mama. Lakini mashine ndiyo inayofungua. Leta barua ya chifu, uje Jumatatu."

"Na maji ya tumboni yatangoja Jumatatu?" akauliza Safa, binti yake.

Hapo ndipo Gershom alipomtazama mgonjwa. Huruma ilimpitia usoni, ikapita kweli.

"Anayefuata," akasema.

Wakaenda kukaa kwenye benchi. Zubeda alihema kama aliyepanda ngazi, na alikuwa amekaa kitako. Kijana mmoja mwenye koti jeupe akaja na karatasi ya ridhaa mkononi, akainama mbele yake.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Felix, daktari wa mradi wa utafiti. Naona una maji tumboni. Tungeomba kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Mwataka maji yangu ya nini?"

Felix akachutama ili waonane macho. Dawa, alisema, huua seli nyingi za saratani, lakini wanashuku kwamba chache hubaki. Zinaitwa seli shina. Hujificha, na dawa ikishapita huzaa nyingine. Huenda ndiyo sababu ugonjwa hurudi. Hawajathibitisha bado, ndiyo maana wanazitafuta, na huenda zinaelea mumo humo kwenye maji.

"Ni kama ndago," akasema Zubeda. "Wapalilia shamba likawa jeupe, ikinyesha mvua moja zatoka tena, kwa kuwa vijiazi vyake viko chini."

"Ndivyo tunavyodhani, mama."

"Nami nitapata dawa ya hiyo ndago?"

Felix hakuwa amejifunza kusema uongo, na hilo angalau ni la kumsifu. "Labda watakaokuja baadaye," akajibu.

Zubeda akamtazama Safa. Waliwahi kuambiwa kwamba maradhi haya wakati mwingine hufuata damu, toka kwa mama hadi kwa binti. Tangu siku hiyo alikuwa akimwangalia mwanawe kwa hofu, hata akiwa anakula tu.

"Nipe hiyo karatasi," akasema.

Kwa Felix hapakuwa na mashine, palikuwa na kidau cha wino. Dole gumba liliacha doa jeusi tupu.

"Doa hili latosha?"

"Linatosha, mama."

"Kuchukua latosha, kupewa halitoshi," akasema Zubeda. "Haya, chukueni."

Katika chumba kidogo, Felix alimtia ganzi na sindano, akapachika mrija, akafungua kibano chake. Maji yalitoka, rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa. Chupa ilipokaribia kujaa, Zubeda alivuta pumzi, na pumzi ikafika chini. Alikuwa amesahau utamu wake. Felix akafunga kibano.

"Mbona wafunga?"

"Mradi unaruhusu chupa moja tu, mama. Kutoa yote ni matibabu. Hayo ni ya wodi, na wodi inataka bima." Alisema akitazama sakafu.

Dereva wa mradi alikuwa amesimama mlangoni na sanduku la barafu, maana chupa ilikuwa na ndege ya kuwahi. Wakaifunga, wakaibandika namba, wakailaza ndani ya barafu kwa upole ambao Zubeda hakuonyeshwa tangu aingie geti la hospitali ile. Akaionea wivu chupa.

Felix akarudi kuchomoa mrija. Zubeda akamshika mkono.

"Yenu mshachukua?"

"Ndiyo, mama."

"Basi yaliyobaki ni yangu." Akakifungua kibano mwenyewe. "Safa."

"Abee, mama."

"Lete ndoo ile."

Ilikuwa ndoo ya kupigia deki, ipo pembeni ya mlango. Safa akaisukuma chini ya kitanda, maji yakaanza kuingia. Felix alinyoosha mkono ili afunge. Mkono ukasita, kisha ukashika kifundo cha mkono wa Zubeda, ukatafuta mapigo ya moyo.

"Polepole, mama," akanong'ona. "Usije ukazimia."

Nesi akachungulia, akaona ndoo.

"Nani ameruhusu hii kitu?"

Felix akafungua mdomo, lakini Zubeda hakumngoja.

"Mimi," akasema. "Mwenye tumbo."