Maoni ya Wakili

Mimi ndiye niliyeleta sanduku la maoni shuleni, na nilijipiga kifua kwa hilo. Nililipigilia ukutani kwa mkono wangu, kisha nikazunguka darasa kwa darasa nikiwaambia wanafunzi waandike lolote linalowaumiza, bila jina. Niliwaahidi kwamba hakuna atakayejua ni nani. Wakanipigia makofi, kichwa kikavimba.

Ijumaa, kwenye kikao cha walimu, Mkuu wa shule alilifungua. Karatasi nyingi zilikuwa za utani. Moja iliomba vyoo vya wasichana visifungwe kufuli saa za masomo, kwani tangu kufuli liwekwe wasichana hawanywi maji mchana kutwa, na wawili wameshaugua. Mkuu, aliyeliweka hilo kufuli, aliisoma huku akibana pua, na walimu wakavunjika mbavu. Akasema huo ni uchochezi wa mvivu anayetafuta pa kujificha.

Nikapandwa na hasira. Laiti ningenyamaza. Lakini mimi na mdomo wangu tukataka kumtetea mwandishi, nikasema huyo si mvivu hata kidogo, ni mwanafunzi bora kuliko wote darasani kwangu, na hati yake naijua hata nikifumba macho.

Kicheko kikakatika. Mbele yangu palikuwa na rundo la madaftari ya darasa langu, nimekuja nalo nisahihishe kikao kikianza kuchosha, kama tufanyavyo sote. Mkuu hakuniuliza jina. Alinyoosha mkono tu, akalivuta rundo, akawa anafungua daftari moja baada ya jingine na kulinganisha na ile karatasi. Nami nilikaa nikimtazama. La tisa lilikuwa la binti tuliyempachika jina la Wakili, kwa kuwa haachi jambo lipite bila kuuliza kwa nini.

Alisimamishwa masomo wiki tatu. Mtihani wa mwisho ulikuwa wiki ya pili, kwa hiyo mwaka wake ulikwenda na maji. Barua niliandika mimi, eti kwa kuwa nina lugha nzuri. Sikukataa. Niliogopa kupoteza kazi, basi.

Jumatatu alikuja na mama yake, ambaye bado alikuwa amevaa sare ya kazi yake ya usafi. Mama aliisoma barua mara mbili pale ofisini kwa Mkuu, kisha akanigeukia mimi. Alisema ananionea haya, kwamba nimemlea bintiye kama mwanangu wa kumzaa, naye amenivunjia heshima mbele ya wakubwa zangu. Akamsukuma begani.

"Muombe mwalimu wako radhi."

Wakili alinitazama machoni. Alikuwa ameshajua. Shule nzima, hati yake nani anaijua kama si mimi?

"Nisamehe, mwalimu," akasema.

Mkuu alikuwa ananiangalia. Nikamwambia nimemsamehe.